Uzito wa Mwili Baada ya Upasuaji: Kinachopanda, Kinachoshuka na Kinachohitaji Kurudi Kituoni

Upasuaji ambao zamani aghalabu ulifanyika katika hospitali kubwa pekee, sasa hufanyika pia katika hospitali za wilaya na katika vituo vingi vya afya. Akina mama hujifungua kwa upasuaji karibu na makazi yao. Wagonjwa wa ngiri, kidole tumbo, busha na uvimbe wa kizazi huhudumiwa na kurejea nyumbani baada ya siku chache. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uponaji hukamilika nyumbani, familia ndiyo hukutana na swali ambalo awali lilibaki wodini: inakuwaje mgonjwa aliyekuwa na kilo 62 kabla ya upasuaji apimwe kilo 65 siku mbili baadaye, ilhali hajala chochote cha maana? Na kwa nini wiki tatu baadaye nguo zake zinampwaya?

Swali hilo lina uzito wake. Mgonjwa aliyevimba akidhaniwa kuwa amenawiri, dalili ya hatari inaweza kupita bila kuonekana. Mgonjwa aliyekonda akidhaniwa kuwa amerogwa, au kwamba anaficha ugonjwa, anaweza kuacha kliniki na kukimbilia tiba zisizothibitishwa. Ukweli ni kwamba mabadiliko mengi ya uzito baada ya upasuaji ni ya muda na yana mpangilio unaojulikana. Anayeufahamu mpangilio huo hutambua mapema pale mambo yanapokwenda kinyume chake.

Dripu ina uzito wake

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kanuni hiyo inaeleza sehemu kubwa ya ongezeko la uzito katika siku za mwanzo. Chupa ya dripu inayotumika sana wodini ina mililita 500, yaani nusu kilo. Mgonjwa aliyetundikiwa chupa sita tangu alipoingia chumba cha upasuaji hadi kesho yake amepokea kilo tatu za maji. Chupa hizo zina kazi: hufidia damu na maji yaliyopotea, husaidia kuinua shinikizo la damu linaloweza kushushwa na dawa ya ganzi ya uti wa mgongo, na humpatia maji mtu ambaye bado hajaruhusiwa kunywa.

Pamoja na maji hayo huingia chumvi. Dripu ya maji ya chumvi inayotumika hospitalini ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hivyo lita tatu za dripu hiyo hubeba gramu 27, kiasi kinachozidi cha siku tano. Figo zenye afya huweza kuitoa chumvi hiyo, lakini kwa muda wa siku kadhaa, na kila inapobaki mwilini hushikilia maji pamoja nayo.

Ndiyo sababu wataalamu wamekuwa waangalifu zaidi katika kutoa dripu. Mwaka 2002 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Nottingham, Uingereza, kwa wagonjwa 20 waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Waliopewa maji na chumvi kwa kiwango kilichozoeleka wakati huo waliongezeka takribani kilo 3. Matumbo yao yalichelewa kuanza kazi, nao walikaa hospitalini muda mrefu kuliko wenzao waliopunguziwa maji na chumvi.

Wananchi wanapaswa kulielewa jambo hili, kwa kuwa ndugu wengi huomba mgonjwa wao aongezewe dripu ili apate nguvu. Chupa ya mililita 500 ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari, sawa na vijiko vichache vya chai. Haina protini wala mafuta. Bakuli la uji wa maziwa humpa mgonjwa anayeweza kula nguvu nyingi zaidi. Muuguzi anayeondoa dripu mara mgonjwa anapoanza kunywa na kula vizuri hajamtelekeza, anafanya linalostahili.

Mwili hukupwa na kujaa

Dripu si sababu pekee. Mwili uliokatwa huitikia kana kwamba umejeruhiwa vitani: hujitahidi kuhifadhi kila tone la maji. Ubongo huachilia homoni inayopunguza mkojo, na tezi zilizo juu ya figo huachilia aldosteroni inayozuia chumvi isitoke. Ndiyo maana mkojo huwa mchache katika siku ya kwanza, na wauguzi huupima kwa makini.

Wakati huohuo mishipa midogo ya damu, hasa karibu na jeraha, hulegea na kuruhusu maji kupenya hadi kwenye nyama za mwili. Maji hayo huonekana kama uvimbe wa miguu, mikono au kope, na kwa mgonjwa aliyelala muda mrefu, uvimbe wa mgongoni na kwenye makalio. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo hubaki kwa muda. Huo si mnofu wala mafuta. Ili mwili uongeze kilo tatu za mafuta kwa siku mbili, mgonjwa angelazimika kula chakula cha watu wengi kwa pamoja.

Mtaalamu wa Uskoti, David Cuthbertson, aliyechunguza watu waliovunjika mifupa jijini Glasgow katika miaka ya 1930, aligundua kuwa mkojo wao ulikuwa na naitrojeni nyingi kupita kawaida, ishara kwamba mwili ulikuwa ukivunjavunja protini za misuli. Mwaka 1942 aliueleza mwitikio wa mwili kwa jeraha kuwa na awamu mbili, akazifananisha na maji ya bahari yanavyokupwa na kujaa. Kwanza shughuli za mwili hupungua. Kisha hupanda, na mwili huchoma akiba zake kwa kasi ili kupata nguvu na malighafi ya kuponya jeraha. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa mfano huo.

Kwa mgonjwa ambaye hana matatizo mengine, maji ya ziada huanza kutoka kati ya siku ya pili na ya nne. Mkojo huongezeka, wengine hutokwa jasho jingi usiku, na uzito hushuka haraka, pengine kilo moja au zaidi kwa siku. Kushuka huko ni habari njema. Mgonjwa asijizuie kunywa maji kwa kuhofia uvimbe, wala asinunue dawa za kuongeza mkojo dukani bila kuandikiwa. Dawa hizo zinaweza kushusha shinikizo la damu, kuvuruga madini ya mwili na kuumiza figo.

Kukonda kunakofuata

Uvimbe unapotoweka, wengi hugundua kuwa uzito umeshuka chini ya ule wa awali. Hapa kinachopotea si maji tu. Mgonjwa alifunga kabla ya upasuaji, akala kidogo baada yake, na mwili wake umekuwa ukitumia protini ya misuli kutengeneza ngozi mpya na askari wa kupambana na vijidudu. Kulala kitandani huongeza hasara, kwa maana misuli isiyotumika hupungua ndani ya siku chache, hasa ya mapaja, na kwa wazee zaidi.

Wapo pia wanaopungua kwa sababu ya wazi kabisa. Busha lililobeba lita moja ya maji likitibiwa, kilo moja imeondoka siku hiyohiyo. Uvimbe mkubwa wa kizazi nao una uzito wake. Upungufu wa namna hiyo si kudhoofika. Ni mzigo uliotuliwa.

Kwa upasuaji wa kawaida usio na matatizo, hamu ya kula hurejea polepole katika wiki za kwanza, na uzito huanza kupanda tena katika wiki au miezi inayofuata. Upasuaji mkubwa wa tumbo huhitaji muda mrefu zaidi. Katika kipindi hicho jamii huwa na kazi yake. Minong'ono kuhusu mtu aliyekonda humfanya ajifungie ndani, apunguze kutembea na akose hamu ya kula, mambo ambayo hudhoofisha misuli zaidi. Kumpelekea sahani ya chakula na kumsindikiza katika matembezi mafupi ya asubuhi ni msaada wa kitabibu.

Hata hivyo, si kila kukonda kunapaswa kuhusishwa na upasuaji. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi bila kukusudia, au zaidi ya asilimia 10 kwa miezi sita, anahitaji uchunguzi. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni kilo 3 na kilo 6. Kifua kikuu, kisukari, maambukizi ya VVU na usaha uliojificha tumboni ni miongoni mwa yanayochunguzwa, na yote yana matibabu. Kwa upande mwingine, aliyeondolewa tezi la shingo kwa sababu ya rovu, kisha akaongezeka uzito, akahisi baridi na uchovu usioisha, arudi kupimwa homoni, kwani huenda anahitaji vidonge vya kila siku.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji

Mama wengi hutarajia kupungua sana mara tu mtoto anapotoka. Mtoto wa kilo 3, kondo la nyuma la takribani nusu kilo, maji ya uzazi na damu hufikia karibu kilo 5. Lakini ikiwa mama amepewa lita tatu za dripu, mizani itaonyesha amepungua kilo mbili tu, na miguu yake inaweza kuvimba kuliko ilivyokuwa wakati wa ujauzito. Aidha, wakati wa mimba kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na ziada hiyo nayo hutoka kwa mkojo na jasho baada ya kujifungua. Kwa kawaida uvimbe hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili.

Tumbo nalo halirudi kwa siku moja. Kizazi kinachokuwa na uzito wa karibu kilo 1 baada ya kujifungua huchukua takribani wiki sita kusinyaa hadi chini ya gramu 100. Kufunga tumbo kwa kanga hakuharakishi kazi hiyo, na kukandwa kwa maji ya moto juu ya jeraha la upasuaji ni hatari: huweza kuunguza ngozi iliyo na ganzi, kufungua mshono na kuingiza vijidudu. Bibi, mama wakwe na mashangazi wanaomhudumia mzazi wanaombwa kulizingatia hili. Wanaweza kumsaidia kwa mtori, uji wa maziwa, maji ya kunywa na muda wa kulala.

Mtoto na mizani ya siku za mwanzo

Mtoto mchanga pia hubadilika uzito. Karibu watoto wote hupungua siku za kwanza, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kwa mtoto aliyezaliwa na kilo 3, upungufu wa gramu 210 ni asilimia 7, na wa gramu 300 ni asilimia 10. Mama anapopewa dripu nyingi kabla ya kujifungua, sehemu ya maji hayo humfikia mtoto tumboni. Huzaliwa akiwa na uzito wa maji, kisha huyakojoa. Hivyo mtoto wa upasuaji anaweza kuonekana amepungua zaidi ya mwenzake.

Jambo hilo halimaanishi kwamba maziwa ya mama hayatoshi, na halihalalishi kumpa mtoto maji ya glukosi au maziwa ya ng'ombe. Kinachotakiwa ni mhudumu kuangalia anavyoshika titi, mara anazonyonya na mkojo anaotoa. Kuanzia takribani siku ya tano, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Upungufu unaofikia asilimia 10, mtoto mlegevu, asiyenyonya au mwenye macho ya njano vyote vinahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chakula cha kurudisha uzito

Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa upasuaji hupendekeza protini ya kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina gramu 8 au 9. Dagaa waliokaushwa huongoza, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wakisagwa na kuchanganywa kwenye mboga, hata asiye na hamu ya kula huwapata bila kutafuna sana.

Sahani ya ugali mwingi na mchicha kidogo hushibisha, lakini haijengi misuli. Kiongezwe kimoja kati ya maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, mayai, maziwa au karanga katika kila mlo, na matunda yanayopatikana katika msimu. Mgonjwa asiyeweza kula sahani nzima ale kidogo mara tano au sita kwa siku. Maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama papai na mboga za majani, hupunguza choo kigumu kinachosababishwa na dawa kali za maumivu na kumfanya mtu ajione amejaa na mzito. Wenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo wafuate maelekezo yao mahususi.

Kutembea ni sehemu ya lishe, kwa sababu protini hujenga msuli unaofanya kazi. Mgonjwa aanze kwa kuketi, kisha kusimama, kisha kuzunguka ua, kadiri alivyoelekezwa wodini. Kubeba ndoo ya maji, kulima na kuinua mizigo vingoje ruhusa ya daktari.

Kupima kwa usahihi

Mizani mbili tofauti zinaweza kutofautiana kwa kilo moja au zaidi, na nguo, viatu na bandeji huongeza tofauti hiyo. Kipimo chenye maana hufanyika kwa mizani ileile, asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwa nguo nyepesi na bila viatu. Mara moja kwa wiki hutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo anaweza kuelekezwa kupima kila siku. Kwake ongezeko la kilo 2 ndani ya siku tatu ni sababu ya kurudi hospitalini.

Mgonjwa ahakikishe uzito wake wa kabla ya upasuaji umeandikwa, na akumbuke tarehe ya kila kipimo. Vipimo vya dawa nyingi, hasa za watoto, hukokotolewa kwa kilo. Uzito wa siku ya pili uliojaa maji ukinakiliwa kana kwamba ndio uzito halisi, dozi inaweza kukosewa wiki kadhaa baadaye.

Dalili za kurudi kituoni bila kusubiri

Uvimbe wa kawaida huwa wa miguu yote miwili, hauna maumivu makali, na hupungua kila siku. Wananchi wanashauriwa kumrudisha mgonjwa mara moja anapoonyesha mojawapo ya dalili hizi:

– Mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa wa moto. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.
– Kupumua kwa shida, kifua kuuma, au kushindwa kulala chali.
– Uvimbe au uzito unaoendelea kupanda baada ya siku ya nne, au mkojo kuwa mchache sana.
– Tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika, na kutotoa hewa wala choo.
– Homa, usaha, jeraha kufunguka au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
– Kwa mama aliyejifungua: kichwa kuuma sana, kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso kuvimba ghafla. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, na shinikizo la damu mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama wengi wamekwisha ruhusiwa.

Mjamzito, mama aliye ndani ya siku 42 tangu kujifungua na mtoto mchanga wanaweza kuombewa usafiri wa dharura kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo. Wagonjwa wengine wafikishwe katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa na fomu ya ruhusa iliyoandikwa aina ya upasuaji na dawa walizopewa.

Tarehe ya kurudi kliniki iliyoandikwa kwenye fomu hiyo iheshimiwe hata kama jeraha limekauka. Siku hiyo mgonjwa apimwe uzito tena, na kipimo kilinganishwe na kile cha kabla ya upasuaji badala ya kile cha siku alipokuwa amejaa maji. Kwa ulinganisho huo mhudumu ataweza kujua kama mwili unarejea katika hali yake au unahitaji kuchunguzwa zaidi.